Chumba au Fedha ya Chumba?

Hoja iliyo mezani ni fupi: anayetoa ufadhili wa masomo atoe chumba, asitoe fedha ya chumba. Inajadiliwa Kolandoto, kata ya Manispaa ya Shinyanga ambako barabara ya Mwanza inaachana na ile ya Kishapu na Lalago. Hospitali ya kanisa la AICT iliyopo hapa imepita umri wa karne moja, na kuna chuo cha sayansi za afya. Vijana kutoka Kahama, Geita, Katoro na Bariadi huja kusomea uuguzi, utabibu na fani nyingine za tiba, na wengi hukutana kwa mara ya kwanza na maisha ya kupanga. Kanda hii hii hutoa vijana wanaotafuta ufadhili wa nje, na Korea Kusini ni moja ya nchi zilizofungua mlango kwa upana: Agosti 2023 serikali yake ilitangaza kwamba inataka wanafunzi wa kigeni 300,000 ifikapo 2027, na mwaka 2024 idadi ilikuwa imekwisha kuvuka 200,000. Mahali pa kuwalaza hapakutangazwa kwa sauti kubwa kiasi hicho.

Wazungumzaji ni watano. Mama ni mfanyabiashara wa vitenge Katoro. Mwanawe mmoja anasoma Kolandoto, mwingine ana barua ya Korea mkononi. Mwalimu ni muuguzi aliyesoma shahada ya uzamili Seoul na sasa anafundisha. Mzee ana vyumba vya kupangisha. Mhasibu amestaafu baada ya kutunza vitabu vya taasisi za elimu. Binti yuko mwaka wa pili wa stashahada. Wote watano, pamoja na mwenyekiti anayefunga mjadala, ni wa kubuni. Sheria, viwango na matukio wanayoyataja si ya kubuni.

MAMA: Naanza mimi kwa kuwa mimi ndiye ninayetoa. Barua ya Korea inasema ada imelipwa, tiketi ya kwenda na kurudi imelipwa, bima ya afya imo, mwaka wa kujifunza lugha umo, posho ya kila mwezi imo. Kule Katoro wananiambia nimelamba dume, mtoto kalipiwa kila kitu. Lakini huyu mdogo wake anayesoma hapa nilipomleta niliambiwa vivyo hivyo, kwamba ada ndiyo kazi, mengine ni madogo. Hayo madogo nikayakuta yananisubiri: kodi ya miezi sita, mwezi mmoja wa dalali, godoro, mtungi wa gesi, luku. Kwa hiyo mimi nasema, mtu akitaka kumsaidia mwanangu asimpe hela ya kutafutia chumba. Ampe ufunguo.

MHASIBU: Mama, anayekupa ufunguo ndiye anayejua umerudi saa ngapi na umekuja na nani. Hatuhitaji kwenda mbali kuliona hilo. Nenda Mwadui, hapo mbele tu. Tangu siku za Williamson, mwanzilishi wake, kampuni ya almasi ilijenga kota, hospitali, shule na klabu. Maisha yalikuwa mazuri, hakuna anayekataa. Lakini nyumba ilifuata kazi: kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha. Chumba cha mfadhili kina tabia hiyo hiyo. Huko Korea kwenyewe, mtumishi wa umma anayepelekwa na KOICA, shirika lao la ushirikiano wa kimataifa, analazwa bwenini kwenye chuo anakosomea. Chumba kipo, hatafuti. Lakini mume au mke na watoto wanabaki nyumbani mpaka amalize. Sasa wauguzi wangapi wanaorudi shule kujiendeleza hawana watoto? Fedha inamheshimu mtu mzima. Inamwachia aamue alale wapi, na nani, na abane wapi.

MAMA: Inamwachia pia aamue kulala njaa.

MHASIBU: Ni kweli, lakini angalia upande wa mtoaji. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya 1970 Serikali ilimpa mwanafunzi chumba, chakula na posho, kwa sababu wanafunzi walikuwa wachache. Wanafunzi wakaongezeka, vitanda vikabaki vile vile, na sera ya kuchangia gharama ikaingia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Matokeo yake kila aliyepita pale anayajua: kubebana. Mwenye kitanda anamficha asiye na kitanda, chumba cha wawili kinalaza wanne. Ukiahidi chumba, umeahidi jengo, na jengo haliongezeki kila mwaka kama orodha ya waliochaguliwa.

BINTI: Lakini, Mhasibu, majengo yamewahi kuongezeka. Aprili 2017 Rais Magufuli alizindua pale Mlimani mabweni 20 yenye nafasi 3,840. Gharama iliyotangazwa ilikuwa shilingi bilioni 10. Kwenye simu yangu nimegawanya: inafika kama shilingi milioni 2 na laki 6 kwa kitanda. Na rais akaelekeza mwanafunzi alipe shilingi 500 kwa siku.

MHASIBU: Na kabla mwaka haujaisha picha za nyufa zilikuwa zinazunguka mitandaoni, mpaka Wakala wa Majengo ukaeleza kwamba ni nafasi za kitaalamu zilizoachwa kwa ajili ya jengo kutanuka. Sisemi yalijengwa vibaya. Nasema ukishajenga, umejifunga na paka rangi, zibua vyoo, badilisha vitasa, kila mwaka, milele. Mfadhili wa nje hataki kitu hicho. Anataka kuandika hundi.

BINTI: Hata hivyo milioni 2 na laki 6 si za mtu mmoja. Kitanda hicho kinalaliwa na huyu, akitoka analala mwingine, miaka na miaka. Mimi nikitoa kodi leo, mwakani sina kitu cha kuonyesha.

MWALIMU: Naomba niingie hapo, maana mnaizungumzia Korea kama mtu anayesimulia harusi ambayo hakualikwa. Mimi nilikwenda kwa ufadhili wa serikali yao unaoitwa GKS, unaosimamiwa na taasisi ya NIIED. Hauko kama ule wa KOICA. Mwaka wa lugha nililala bwenini. Nikapigwa picha ya kifua kuthibitisha sina kifua kikuu, ndipo nikapewa kitanda. Ada ya bweni inalipwa kwa mkupuo mwanzoni mwa muhula, na mlango unafungwa usiku. Kupika chumbani ni marufuku, kwa hiyo ugali niliuota tu. Lakini nililala pakavu, pana joto, na mlango una kitasa. Mama, kwa mwaka huo wa kwanza usiwe na hofu sana.

MAMA: Na baada ya huo wa kwanza?

MWALIMU: Baada yake unahamia chuo cha shahada yenyewe, na kikiwa Seoul hapo ndipo penye shughuli. Vyuo vya Korea kwa jumla vina nafasi za bweni kwa kama mwanafunzi mmoja kati ya wanne au watano, na jijini hali ni finyu zaidi. Ukikosa, unakwenda mtaani. Kodi yenyewe unaweza kuipanga: chumba kimoja chenye choo na jiko dogo, won laki nne, tano, sita kwa mwezi kutegemea mtaa. Ni nyingi, lakini posho inaingia kila mwezi. Nilipokuwa kule ilikuwa won milioni moja, na baadaye wakaipandisha. Kinachokuzuia ni amana. Mwenye nyumba anataka won milioni 5, mara nyingi 10, aziweke mpaka utakapohama. Milioni 5 za kule ni takriban shilingi milioni 9 za kwetu. Na ufadhili wangu ulikuwa na fungu la kujikimu la mtu anapowasili: won 200,000, mara moja tu. Hiyo amana ndogo ni mara 25 ya fungu hilo.

MHASIBU: Ungeweza kudunduliza.

MWALIMU: Kwa posho ya milioni moja? Nifunge mdomo miezi mitano, nisipande hata basi, ndipo nipate kibali cha kuanza kulipa kodi. Na wiki za mwanzo huna kitambulisho cha mkazi. Huna kitambulisho, benki haikufungulii akaunti kirahisi. Huna akaunti, posho haina pa kuingia. Dalali anakuuliza una simu ya Korea? Simu nayo inataka kitambulisho. Wapo wenye nyumba wanaosema wazi kwamba hawapangishi wageni. Sikuona chuki kwa kila mmoja wao. Wengine waliogopa tu kwamba wakinidai nitakuwa nimekwisha panda ndege.

MAMA: Ukalala wapi, mwalimu?

MWALIMU: Penye mlango usiodai amana. Kuna nyumba zinaitwa goshiwon. Zilianza kama vyumba vya kujifungia watu wanaojiandaa na mitihani mikubwa ya serikali. Chumba ni kitanda, meza na nafasi ya kusimama. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Jikoni kuna wali na kimchi vya bure, tunapanga foleni. Sikudharau, kwa sababu paliniokoa. Lakini Wakorea wenyewe hawajasahau tarehe 9 Novemba 2018, nyumba ya namna hiyo ilipoungua mtaa wa Jongno, katikati ya Seoul, wakafa watu saba. Na Agosti 2022 mvua ilipofurika, familia iliyokuwa ikiishi chumba cha chini ya ardhi huko Sillim ilizama humo ndani, mtaa usio mbali na Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul. Jijini pale asiye na amana analala palipo finyu au palipo chini.

MAMA: Basi mimi nimeshinda hoja. Wampe chumba!

MWALIMU: Bado, mama. Msikilize kwanza mwenye vyumba.

BINTI: Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba, binti. Mimi nimenyamaza kwa sababu nasikia nahukumiwa bila kutajwa. Nyumba yangu niliijenga kwa hela ya duara la dhahabu huko Nyarugusu, kipindi mawe yalipokubali. Nikajisemea dhahabu inakata, vyumba havikati. Nikaja kujenga huku kwenye wagonjwa na wanafunzi, maana mchimbaji nimeshampangisha nikamjua: akipata anakulipa mwaka mzima na soda juu, duara likikata anakuachia ndoo na kandambili. Mwanafunzi ana adabu zaidi. Lakini mwanafunzi naye ana likizo, ana mazoezi ya vitendo wilaya nyingine, ana mwenzake aliyempa chumba bila kuniambia. Nikimdai nimfuate wapi? Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi na mabaraza yake ya nyumba. Ilifutwa mwaka 2005. Leo nikiwa na kesi ya kodi ya miezi miwili nikaipeleke baraza la ardhi na nyumba la wilaya, nauli na siku za kusubiri zinakula zaidi ya ninachodai. Kwa hiyo miezi sita mbele ndiyo mahakama yangu. Nimejihukumia mapema.

BINTI: Mzee wangu, hiyo mahakama ina upande mmoja tu. Tuseme chumba ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 240,000, dalali 40,000, jumla 280,000 kabla sijalala hata usiku mmoja. Hiyo ni kodi ya miezi saba. Nikishakupa, paa likivuja utakuja kulitengeneza lini? Kitasa kikifa, je? Hela yangu iko kwako, na mimi siwezi kuondoka bila kuiacha. Halafu napangiwa zamu ya usiku wodini. Narudi alfajiri, njia giza, choo kiko nje nyuma ya nyumba. Nikimwambia mwenye nyumba aweke taa ananiuliza luku atalipa nani. Kama ningekuwa nalipa mwezi kwa mwezi, taa ingewaka wiki hiyo hiyo.

MZEE: Labda. Na labda ungehama mwezi wa pili na balbu yangu.

MWALIMU: Tofauti ya hapa na Seoul ni moja. Ile amana ya Korea ni ya mpangaji. Akihama anarudishiwa, ikikatwa kodi asiyolipa. Hapa kodi ya mbele inaliwa. Lakini kazi ya fedha zote mbili ni ile ile aliyoitaja Mzee: zinasimama mahali pa mahakama iliyo mbali. Na kule nako zinaweza kumgeuka aliyezitoa. Kuna mtindo wao wa jeonse: unampa mwenye nyumba amana kubwa mno, hulipi kodi ya mwezi, na mkataba ukiisha anakurudishia yote. Miaka ya 2022 na 2023 ikagundulika kwamba wapo waliomiliki mamia ya nyumba kwa amana za wapangaji, na bei ziliposhuka hawakuwa na cha kurudisha. Vijana wengi waliumia, hasa Incheon na Seoul, wengine wakajiua. Mwaka 2023 bunge lao likalazimika kupitisha sheria maalumu ya kuwasaidia waliotapeliwa. Kwa hiyo, Mhasibu, fedha mkononi inamheshimu mtu mzima pale tu anapoweza kusoma mkataba ulioandikwa kwa lugha aliyoanza kujifunza mwaka jana.

MHASIBU: Hilo nalikubali. Lakini linaniunga mkono pia. Kama mtaa una hatari hivyo, kwa nini vyuo vyao tajiri havijengi mabweni wakamaliza?

MWALIMU: Vingine vilitaka. Katikati ya miaka ya 2010 Hanyang na Chuo Kikuu cha Korea vilipopanga kujenga mabweni mapya, majirani walipinga, na mstari wa mbele walikuwemo wenye vyumba vya kupangisha. Walisema mabweni yatawanyang'anya riziki. Mipango ikakwama kwa miaka.

MZEE: Hao ni ndugu zangu! Mbona hukunipeleka kwao tukanywa chai?

MAMA: Mzee, unacheka, lakini ndivyo ulivyo. Bweni likijengwa hapa utakuwa wa kwanza kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

MZEE: Mayu, sikufichi. Nitakwenda. Nimeweka jasho langu lote pale. Mtu anayesema wanafunzi wote wapewe chumba cha chuo aniambie pia vyumba vyangu vipangwe na nani. Huku si Katoro. Dhahabu haipo ya kuniletea wapangaji wengine.

MHASIBU: Kwa hiyo tumefika mahali pa ajabu. Jengo ni ghali na wenye vyumba hawalitaki. Hela nayo inakuja kidogo kidogo wakati mlango unadai kwa mkupuo. Hata Bodi ya Mikopo iko hivyo. Mwanafunzi wa chuo kikuu anahesabiwa hadi shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi, na mwaka 2023/24 mikopo ikafunguliwa pia kwa baadhi ya fani za stashahada, afya ikiwamo. Ni hatua. Lakini hesabu ni ya siku, malipo ni ya mafungu, na mwenye nyumba anahesabu kwa nusu mwaka. Bumu likichelewa wiki tatu mwanzoni mwa muhula, huyo mwanafunzi amekwisha kopa kwa mtu wa riba au amekwisha bebwa na mwenzake.

MWALIMU: Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Tumekuwa tukibishana nani atoe paa, kumbe kinachokosekana ni mtu wa kusimama mlangoni siku ya kwanza. Korea wana mpango mmoja wa raia wao ambao ningependa tuutazame. Shirika la umma la ardhi na makazi, LH, humwambia mwanafunzi Mkorea wa kipato cha chini: tafuta nyumba uipendayo, ndani ya kiwango fulani. Akishaipata, shirika lenyewe linatia saini mkataba na mwenye nyumba na kuweka sehemu kubwa ya amana. Mwanafunzi anaweka kiasi kidogo na kulipa riba ndogo kila mwezi. Akimaliza, amana inarudi kwa shirika, inakwenda kwa mwingine. Chumba ni cha mtaani, mwenye nyumba hajapoteza mpangaji, mwanafunzi kachagua mwenyewe. Mgeni mwenye ufadhili wa serikali hiyo hiyo hamo kwenye mpango huo.

MAMA: Yaani serikali inamwita, inamlipia ndege, halafu inashindwa kumsimamia mlangoni kama inavyowasimamia wa kwao?

MWALIMU: Ndivyo. Na isingewagharimu kama mnavyodhani, kwa sababu amana haipotei. Wangeweza kuikata kidogo kidogo kwenye posho, au kuiacha ikizunguka kwenye mfuko. Won milioni 5 zikirudi salama kila baada ya miaka miwili zinamwingiza mwanafunzi mwingine, na mwingine.

MHASIBU: Zikirudi salama. Kila mtu anapenda mfuko unaozunguka mpaka siku usipozunguka. Mwanafunzi akitoroka nani anabeba hasara? Nimeandika vitabu miaka mingi; deni lisilo na jina la mwenyewe huwa la mhasibu.

BINTI: Hapa Kolandoto jina lipo. Mwanafunzi wa chuo chochote hawezi kupewa cheti mpaka ajaze fomu ya kumaliza, isainiwe maktaba, isainiwe uhasibu, isainiwe bwenini. Mzee hawezi kunizuilia cheti. Chuo kinaweza. Kama chuo kingetia saini pamoja nami kwenye mkataba wa Mzee, deni langu kwake lingekuwa deni langu kwa chuo, na ningelilipa hata kwa kuuza simu.

MHASIBU: Haya, hilo ni jambo la kuandikwa. Chuo kinadai kwa gharama ndogo kuliko mwenye nyumba. Na ufadhili wa Korea nao unadai kwa urahisi, maana posho inapita mikononi mwao kila mwezi. Mwenye nguvu ya kudai ndiye abebe dhamana. Mwenye nyumba hana nguvu hiyo, ndiyo maana anaomba miezi sita.

BINTI: Lakini isiwe dhamana ya upande mmoja. Chuo kikitia saini, kije kukagua: mlango una komeo, choo kina taa, maji yapo, na mwenye nyumba hagongi usiku kudai kisichodaiwa. Asiyetimiza afutwe kwenye orodha. Muhula ukifika vyumba vyake vibaki na popo.

MZEE: Na nikiwemo kwenye orodha, kodi naipata lini?

MHASIBU: Muhula kwa muhula, kutoka uhasibu, kwa stakabadhi.

MZEE: Stakabadhi za ofisi nazijua, huwa zinachelewa kuliko mvua. Lakini chuo kikiweka saini na kulipa kwa wakati, mimi nashuka kutoka miezi sita hadi miwili. Taa ya choo nitaweka. Luku ya taa hiyo tutagawana.

BINTI: Tutagawana, mzee.

MAMA: Mimi bado sijaridhika. Nyote mmehama kwenye hoja yangu. Mtoto wa miaka 19 anafika uwanja wa ndege wa Incheon usiku wa baridi. Hajui lugha. Mnamwambia atafute nyumba aipendayo, wao watasaini? Siku hiyo anataka kitanda.

MWALIMU: Siku hiyo mama ana haki kabisa. Mwaka wa kwanza chumba kitolewe, tena bila mjadala. Hajui mtaa, hana kitambulisho, hana mtu. Hata hapa, aliyetoka Geita kwa mara ya kwanza anahitaji bweni muhula wa kwanza ili awe na muda wa kuujua mtaa na watu wake. Kuanzia mwaka wa pili ndipo uhuru anaousema Mhasibu unapoanza kuwa na maana.

MHASIBU: Na mwenye familia?

MWALIMU: Mwenye familia apewe dhamana tangu siku ya kwanza, maana bweni halimfai. Mpango ukiwa mmoja kwa wote utamwonea mtu.

MWENYEKITI: Nafunga. Hoja kama ilivyoletwa haikupita. Chumba kwa kila mfadhiliwa, kwa muda wote wa masomo, ni ahadi ambayo Mlimani ilishindwa kuitimiza idadi ilipokua, na ina gharama nyingine aliyoionyesha Mhasibu kwa mfano wa Mwadui: aliyekupa paa ana neno katika maisha yako. Lakini kinyume chake nacho hakikupita. Fedha ya kila mwezi peke yake inampa mwanafunzi uwezo wa kuishi kwenye chumba ambacho hawezi kukiingia. Upungufu huo ni mmoja, Kolandoto kwa kodi ya miezi sita na Seoul kwa amana, na unatokana na jambo lile lile, kwamba mwenye nyumba hana njia nyepesi ya kudai haki yake, basi anaidai kabla.

Ninachokiona mimi ni kwamba ubora wa ufadhili upimwe kwa wiki yake ya kwanza na kwa siku mwanafunzi anapotoka bwenini, kabla ya kupimwa kwa ukubwa wa posho. Taasisi inayoweza kumdai mwanafunzi kwa urahisi ndiyo imdhamini kwa mwenye nyumba. Serikali ya Korea inaweza hilo kwa wageni wake, kwa kuwa inafanya linalofanana na hilo kwa raia wake. Vyuo vyetu vinaweza kwa karatasi na ukaguzi, kabla hata ya kumwaga zege la bweni jipya. Hofu ya Mhasibu juu ya hasara haikujibiwa yote. Fomu ya kumaliza haimrudishi aliyeacha masomo njiani, na mfuko wa namna hiyo lazima utengewe fungu la wasiolipa tangu siku ya kuanzishwa.

Mama ameniambia pembeni kwamba alikuwa anafikiria kuuza ng'ombe wawili ili mtoto aende na akiba. Nimemwambia asubiri, kwanza mtoto aandike kwa waliompa barua, aulize mambo matatu: bweni ni la muda gani na linalipwa lini, nikitoka bwenini amana anaweka nani, na nikihama, amana hiyo inarudi kwa nani, kwa maandishi yapi. Ayaulize kabla ya kukata tiketi, na majibu ayahifadhi. Mfadhili atakayekasirishwa na maswali hayo atakuwa amekwisha kuyajibu.